Mkunga Chini ya Dashibodi

Katika zahanati ile hapakuwa na mkono uliosifiwa kama mkono wa Mkunga. Wanawake waliokwisha kujifungua mara tatu au nne walikuwa radhi kuuma meno na kuvumilia uchungu mpaka zamu yake ifike. Watoto aliowapokea hawakuwa na idadi. Wengine sasa walikuwa na ndevu, na wakikutana naye njiani walimwamkia kwa adabu zote. Lakini sifa za watu hazipashi nyumba joto. Kila jioni, Mkunga alipofungua mlango wa nyumba yake ya vyumba viwili, ukimya ndio uliotoka kumlaki.

Nyumba hiyo zamani ilikuwa na kelele, nazo zilikuwa kelele za mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mkunga alimlea tangu akiwa na miaka saba, wazazi wao walipofariki wakifuatana. Alimwogesha, akamsuka, akamfundisha kusoma. Msichana yule alipiga mluzi tangu anapoamka mpaka anapolala, na hakuna kitu chenye waya kilichosalimika mikononi mwake: alifungua redio, pasi, hata saa ya ukutani. Alipokua akawa fundi umeme wa magari, na mtaa mzima ukambatiza jina la Fundi Cheche.

Mkunga hakuipenda kazi ile hata chembe. Kwake yeye, binti wa watu kulala chali chini ya gari, miguu imetokeza nje kama kuni jikoni, ilikuwa aibu isiyofunikika. Basi miaka sita iliyopita, wageni walipokuja kuleta posa, aliona ndiyo fursa ya kuyamaliza.

"Wageni wetu, msiwe na wasiwasi," alisema akitabasamu. "Mambo ya spana yamekwisha. Sanduku lake la vifaa nimeshaligawa tangu jana."

Sanduku lile Cheche alikuwa amelijaza kwa miaka miwili, bisibisi moja baada ya nyingine. Alisimama mbele ya wageni.

"Dada, umeligawa sanduku langu?"

"Nimekuondolea aibu."

"Basi umenigawa na mimi."

Akatoka na nguo alizovaa. Mkunga, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, akamtupia maneno mgongoni: "Nenda! Na siku utakayorudi, urudi kwa magoti!"

Posa ikafa siku hiyo hiyo. Cheche akaanza upya kwa vifaa vya kuazima, akafungua gereji yake upande wa pili wa mji, kisha akaolewa na dereva wa malori ya masafa marefu. Kadi ya harusi ilimfikia Mkunga. Aliisoma mara kumi, akaitia kabatini, na siku ya harusi akaomba zamu ya ziada kazini. Mkubwa hamfuati mdogo, alijiambia.

Lakini moyo haujui mkubwa wala mdogo. Sokoni, akisikia mtu anapiga mluzi, shingo ilimgeuka yenyewe. Akipika, mkono ulipima mchele wa watu wawili, naye akarudisha nusu yake guniani huku akijikaripia. Namba ya mdogo wake ilikuwamo katika simu. Kidole kiliigusa, kikaungua kwa fahari, kikaondoka. Watu walipomuuliza, "Mdogo wako hajambo?" alijibu, "Hajambo sana," na neno hilo lilimshuka kooni kama mwiba wa samaki, kwani hakujua kama hajambo au vipi.

Ndipo taa za gari lake zikaanza kumchezea. Lilikuwa gari dogo la kale, lenye swichi ya kuvuta upande wa kushoto wa usukani: ukiivuta mara moja huwaka taa ndogo, mara ya pili taa kubwa. Kwanza taa zilififia, kisha zikawa zinawaka zinapotaka. Jioni moja, giza likiingia, alikuwa akitoka kazini alipofika kwenye kona na taa zikazima ghafla. Alisikia kelele, akakanyaga breki. Mtu wa baiskeli alikuwa ametumbukia mtaroni, mzima lakini amejaa matope na matusi. Mkunga aliitazama mikono yake kwenye usukani. Mikono iliyopokea uhai wa watu wengi namna ile ilikaribia kuutoa mmoja.

Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi wa karibu. Fundi yule alishika kifundo cha swichi kwa koleo, akakivuta kama anang'oa jino. Dashibodi ikapasuka, swichi isitoke.

"Mama, hii imegoma," alisema, akijikuna kisogo. "Tukatakate hizi nyaya, nikufungie swichi ya ukutani, ile ya kuwashia taa sebuleni. Itafanya kazi vilevile."

"Kwa nini usiniwekee na feni?" Mkunga akamjibu, akachukua ufunguo wake.

Fundi wa pili alikuwa mzee mkweli. Aliinama, akachungulia, akainuka akitikisa kichwa. "Swichi za aina hii haziuzwi tena. Na kuitoa bila kuivunja kunataka ujuzi. Mimi namjua mtu mmoja tu anayezifufua. Mwanamke. Wanamwita Fundi Cheche."

Mkunga alimshukuru, akaondoka. Kwa siku nne alikwenda kazini kwa miguu. Siku ya tano, miguu ikimwaka moto, alikaa kitandani na kujiuliza swali alilolikwepa kwa miaka sita: hivi ni nini hasa kinachonizuia kwenda kwa mdogo wangu? Alivaa sare yake nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka, akapiga moyo konde, akaliwasha gari mchana kweupe.

Gereji ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji, meza ndefu ya kazi na nyaya za rangi zote zilizoning'inia ukutani. Mkunga alisimamisha gari mlangoni. Aliyetoka alimfanya ashindwe kufungua mkanda. Ni mdogo wake yuleyule, paji lilelile pana, lakini vifungo vya ovaroli vilikuwa wazi katikati, na tumbo limetangulia mbele kama ngoma. Jicho la kazi likahesabu lenyewe: miezi minane.

Miezi minane, na hakuna aliyemwambia. Lakini nani angemwambia, naye kwa kila mtu alijibu kwamba anajua?

"Shikamoo," Cheche alisema. Ilikuwa shikamoo ya adabu, baridi kama bati la asubuhi.

"Marahaba."

"Gari lina nini?"

"Taa. Swichi."

Cheche aliingiza kichwa dirishani, akaona ule ufa. "Nani amekupasulia dashibodi hivi?"

"Fundi wa karibu na nyumbani."

"Huyo si fundi, huyo ni mwizi anayeng'oa mabati." Akafungua boneti na kulegeza waya wa betri. Kisha akasimama kando ya mlango wa dereva, mkono kiunoni, akilitazama tumbo lake na nafasi iliyokuwa chini ya usukani. "Siwezi kuingia humo. Mwenzangu amefuata vipuri, atarudi kesho kutwa. Uje siku hiyo."

Hapo ndipo Mkunga angeweza kusema "haya" na kurudi zake. Neno lilimfika ulimini, akalimeza.

"Niambie cha kufanya. Nitaingia mimi."

"Wewe? Na hiyo sare?"

"Sare hufuliwa."

Cheche akatandika kipande cha boksi chini, akampa bisibisi na tochi. Mkunga akavua viatu, akalala chali, akasogea kidogo kidogo mpaka kichwa kikawa chini ya dashibodi na miguu imetokeza nje mlangoni. Vumbi likamwingia puani. Alifungua skrubu nne, kifuniko kikamwangukia usoni.

"Umeumia?"

"Sijambo. Naona nyaya kama nywele za kichaa."

Kicheko kidogo kilimponyoka Cheche, akakikatiza kwa kukohoa. "Shika swichi kwa nyuma. Upande wake wa chini kuna kitufe kidogo kama punje ya mtama. Nitavuta kifundo huku mpaka mwisho, nawe ukibonyeze. Usitumie nguvu. Hii haitoki kwa nguvu."

"Sikioni."

"Huwezi kukiona. Kipapase. Wewe si unapapasa tumbo na kujua kichwa cha mtoto kiko wapi?"

Mkunga akafumba macho, akaviacha vidole vifanye kazi viliyoizoea. Punje ile ikaja chini ya kidole chake. "Hapa." Akabonyeza. Kifundo kikachomoka na kubaki mkononi mwa Cheche kama ulimi wa bata. Nati ya mbele ikafunguliwa, na swichi ikashuka taratibu kiganjani mwa Mkunga.

Alipogeuza shingo ili aitoe, aliona kitu kimoja tu cha mdogo wake: miguu, ndani ya kandambili. Ilikuwa imevimba, mikanda ya kandambili imezama nyamani.

"Kichwa kinakuuma?" aliuliza kutoka kule chini.

"Tunatengeneza swichi."

"Nakuuliza, kichwa kinakuuma? Unaona vimulimuli?"

"Asubuhi. Kidogo."

"Kliniki umekwenda lini?"

"Wiki tatu sasa. Mume wangu yuko safarini, kazi zimenielemea." Sauti ikakauka. "Na wewe umefuata taa."

Mkunga alibaki pale gizani, swichi kifuani. Hakuonekana uso, na huenda ndiyo sababu ulimi ulilegea.

"Sikufuata taa, Kitinda. Taa zimenipa kisingizio tu. Nilikigawa kitu kisichokuwa changu, nikakuaibisha mbele za watu, halafu nikakaa miaka sita nangoja wewe ndiye uje unipigie magoti. Nimekosa. Nimekosa mimi, mkubwa."

Ile miguu haikusogea. Cheche alipozungumza, maneno yalitoka polepole kama yanayovutwa kisimani.

"Harusini kwangu kulikuwa na kiti mbele. Watu waliambiwa wasikikalie. Chakula kikaliwa, watu wakacheza, wakaondoka, na kiti kikabaki kitupu. Kazi yangu niliweza kuianza upya, dada. Kile kiti sikukiweza."

Mkunga alijaribu kutoka haraka, akajigonga kwenye usukani, akatoka kinyumenyume. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, hakuweza kusimama. Basi akabaki amepiga magoti kwenye saruji mbele ya mdogo wake, nywele zimejaa vumbi, sare ina doa jeusi kifuani, na swichi ameinyoosha mbele kama mtoto aliyevunja kikombe. Machozi yalimtiririka bila simile.

Cheche aliichukua swichi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamshika dada yake kwapani na kumwinua.

"Usinipe kazi ya kuinua vitu vizito," alisema. "Si unaona hali yangu?"

Walikaa mezani. Cheche aliifungua swichi, akamwonyesha vipande vya shaba vilivyoungua vikawa vyeusi kama mkaa. "Ulifungiwa balbu kali kuliko zake. Ilikuwa inabeba mzigo usio wake." Akavisugua kwa msasa laini mpaka vikang'aa, akabadilisha spiringi iliyolegea, akalehemu waya uliokuwa umeachia, kisha akapima kwa mita. Katikati ya kazi, bila mwenyewe kujua, akaanza kupiga mluzi. Mkunga aliinamisha uso, asije akamkatiza.

Akarudi tena chini ya dashibodi, safari hii bila kuombwa. Swichi ikaingia, nati ikakazwa, kifundo kikasukumwa mpaka kikalia *ta!* Cheche akaunganisha betri, akabadilisha na zile balbu.

"Vuta."

Mkunga akavuta. Mara moja, taa ndogo. Mara ya pili, taa kubwa zikaumulika ukuta wa mabati, hata mchana ule.

"Sasa funga gereji," Mkunga alisema. "Tunakwenda zahanati. Miguu hiyo siiachi ilale bila kupimwa."

"Dada, nina gari la mtu..."

"Litangoja. Magari hayazai."

Zahanati ilithibitisha hofu yake: shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Halikuwa la kutisha bado, alisema daktari, lakini kama wangechelewa wiki moja, pengine angekuwa anasema mengine. Cheche alipewa dawa na kuamriwa kupumzika. Mkunga akachukua daftari la kliniki ambalo Cheche alikuwa nalo mkobani, ili aandike vipimo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofungua ukurasa wa kwanza, kalamu ilisimama.

Palikuwa na mstari wa ndugu wa kuitwa panapotokea dharura. Mwandiko ulikuwa wa Cheche, na wino ulikuwa wa miezi mingi. Alikuwa ameandika jina la Mkunga, namba yake ya simu, na mahali pa uhusiano, neno moja: *mama*.

Mkunga aliinua macho. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu kitandani, akimtazama.

"Ungenipigia?" aliuliza.

"Watu wa kliniki ndio wangepiga," Cheche akajibu. "Mimi nisingeweza. Nina kiburi kama wewe; si ndiwe uliyenilea?"

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Jioni hiyo Mkunga alimchukua mdogo wake nyumbani, akapima mchele wa watu wawili, na hakurudisha hata punje. Miaka sita alikuwa amesimama wima akiungoja moyo wa mdogo wake umfuate juu alikokuwa, usimfikie. Akaupata kwa mchana mmoja wa kulala chali vumbini. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.