Mgongo wa Zulia la Mwanaharusi

Zulia husomwa mgongoni. Mmemsikia jirani yetu Bi. Nuru akiwatupia neno hilo mchana, mlipokuwa mkimsifu mchumba wa dada yenu kwa miwani yake na maneno yake ya asali. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza zulia limeingiaje kwenye posa. Kaeni basi. Neno hili lina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni uchovu wa mtu mmoja.

Mtu huyo aliitwa Mzee Shee Famau, wa hapa hapa Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kushona mazulia yaliyotoboka na kuyatia bei. Siku hizo nyumba nyingi za mtaani zilikuwa na zulia la Kiajemi la urithi, lililofumwa kwa mkono, na lilipofika wakati wa kuuzwa halikuuzwa bila yeye. Muuzaji na mnunuzi walikuja dukani kwake, yeye akalitazama, akataja bei, kisha akaletewa kahawa. Akishainywa, bei imefungwa. Hapakuwa na maandishi, kikombe kilitosha, na kwa miaka arobaini hapana aliyelalamika.

Hawakulalamika kwa sababu Mzee Shee hakuwa mtu wa kutazama uso wa zulia tu. Alilipindua, akapiga magoti, akahesabu mafundo kwa ukucha wa kidole gumba, maana yakiwa madogo na mengi ndipo zulia huwa la thamani. Alivuta matamvua ya ukingoni aone kama yametoka ndani ya zulia lenyewe au yameshonewa, akasugua rangi kwa leso iliyoloweshwa. Zulia moja lilimlia asubuhi nzima.

Lakini magoti ni ya binadamu. Mwaka ule alikuwa na miaka sabini na miwili, mkewe amekufa, na kila alipoinama kiuno kilimkumbusha umri. Alichoka na vumbi la sufu lililomkaa kifuani, akachoka na wabishi wa bei, akachoka hata na kahawa. Akaacha kupindua. Alikaa kitini, akaupapasa uso wa zulia kwa ncha ya bakora, akataja bei. Watu wakasema ujuzi umemkolea, sasa anatambua kwa jicho tu. Yeye akawaacha waamini hivyo. Sifa asiyoistahili ilimchosha nayo, ila haikumchosha kama kuinama.

Ndipo alipokuja mjane wa fundi saa, jina lake Mwanaharusi, mwenye watoto watatu. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza na masika yanabisha hodi. Fundi wa paa alitaka shilingi elfu mbili, na Mwanaharusi asipozipata ingembidi aihame nyumba aliyozaliwa. Kitu pekee cha thamani alichobaki nacho ni zulia la mamake. Mnunuzi alikuwa Bwana Twahiri, mfanyabiashara, ambaye alishakwenda kuliona nyumbani kwa mjane. Siku hiyo wote wawili walikuja dukani na mchukuzi, zulia likiwa limefungwa ndani ya shuka.

Mzee Shee alifumba macho wakilifungua, akayafumbua lilipokwisha kutandikwa. Kwa kweli lilisikitisha. Jua la dirishani lilikuwa limelipausha, ukingo mmoja umepinda, na wekundu wake haukuwa mmoja, huku umeiva, kule umefifia mkanda mzima.

"Mama alilitandika wageni wakija tu," Mwanaharusi akasema. "Mimi hata kuligeuza sijawahi. Alikuwa mkali."

"Limechakaa, mwanangu."

"Najua, mzee. Lakini litazame vizuri. Paa langu ndilo hilo."

Mzee Shee akapima kwa macho umbali wa kutoka kitini hadi sakafuni, akaona ni safari. Akapitisha bakora.

"Mia nne."

Mwanaharusi hakubisha. Nani angebishana na Mzee Shee? Alivuta buibui lake akajifunika mdomo. Bwana Twahiri alikuwa tayari anatoa noti, kwa haraka isiyo yake, maana mtu yule alizoea kulia hata bei ya mchicha. Kahawa ikaletwa.

Kikombe kilikuwa kimekaribia mdomo wa mzee mchukuzi alipoanza kuliviringisha zulia. Mgongo ukageuka juu na mwanga wa mlangoni ukauangukia. Maua yote ya usoni yalikuwepo mgongoni, moja moja, hadi kijani cha majani yake, kwa mafundo madogo kama punje za ulezi.

Angeweza kunywa. Hapana ambaye angejua, jina lake lingebaki safi, na yeye angekwenda zake kulala. Alitaka kulala kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Akakiweka kikombe chini.

"Acha," akamwambia mchukuzi.

Akashuka kitini, goti moja, kisha la pili, akiuma meno. Akahesabu mafundo kwa ukucha, akapotea hesabu, akaanza tena. Akavuta matamvua, yakawa ni nyuzi zilezile zilizopita katikati ya zulia. Akasugua kwa leso yenye maji, leso ikabaki nyeupe. Na ule wekundu wa namna mbili haukuwa ubovu. Mfumaji aliishiwa na sufu akatia rangi sufu nyingine, na mkono wa mtu haurudii rangi sawasawa.

"Elfu tatu," akasema akiwa palepale sakafuni.

Bwana Twahiri akacheka. "Mzee, umeshasema mia nne. Watu wamesikia."

"Nilisema kabla ya kulipindua."

"Lakini siku hizi hupindui. Mji mzima unajua unatambua kwa jicho."

"Sitambui kwa jicho. Sijapata kutambua kwa jicho maisha yangu. Nimechoka, siri yenyewe ndiyo hiyo." Mzee akamwinulia uso. "Na wewe ulipokwenda kwake, ulilipindua?"

Bwana Twahiri akatazama mlango. Mwanaharusi ndiye aliyejibu, polepole.

"Alinituma maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta pembe moja imekunjika."

Mzee Shee akakifikia kikombe, akaimwaga kahawa kizingitini. Bwana Twahiri akatoka bila kuaga. Siku ya tatu akarudi na elfu tatu kamili, maana hata kwa bei hiyo faida alikuwa nayo.

Mzee Shee hakupata faida yoyote. Wote waliouza mazulia mwaka ule walimjia kuuliza, na yetu je? Mazulia yalishakwenda. Wengine walimtukana, naye akawasikiliza hadi mwisho. Akarudia kupiga magoti, zulia baada ya zulia. Wapita njia wakawa wanamchokoza mlangoni, "Mzee Shee, zulia husomwa wapi?" Naye kila mara, bila hasira na bila kuinua kichwa, akajibu, "Mgongoni." Akajibu hivyo hadi akafa, na neno likabaki mjini.

Mwanaharusi peke yake hakumcheka. Alikuwa mama yangu, na bati hilo juu ya vichwa vyenu ndilo alilolinunua.

Basi huyo mchumba, uso wake tumeuona, ni mzuri. Kesho nendeni mtaani kwao, mkaulize kwa majirani, mkaulize na kwa mtalaka wake. Ni mbali, na jua ni kali, na msije mkaniambia mmechoka. Zulia husomwa mgongoni.