Mkeka wa Aliyempiga Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, wanyama walikuwa na nyumba, majiko, shule na ibada kama sisi, na ugomvi walikuwa nao kama sisi. Kaeni vizuri. Tunu, acha kutafuna kucha, hadithi hii ina mbio na sitairudia.

Katika mbuga moja palikuwa na mwamba mkubwa, na juu ya mwamba huo aliishi Mwalimu Pimbi na mkewe na watoto wao watatu. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia, na mdomo wake haukai. Alikuwa akifundisha watoto wa wanyama wote. Siku moja akawaambia darasani:

"Sisi hatukuanza hivi tulivyo. Wazee wa wazee wetu walikuwa na maumbo mengine, wakabadilika kidogo kidogo, miaka na miaka. Tazameni kucha zangu, halafu mkaziangalie kucha za Mzee Tembo. Tazameni na haya meno yangu mawili yanavyochomoza. Mimi na Tembo babu yetu ni mmoja."

Watoto wakarudi nyumbani wakiruka na kuimba, Tembo na Pimbi ndugu, Tembo na Pimbi ndugu. Lo, mbuga ikachafuka.

Maana wanyama wale waliamini kwamba Muumba alimfinyanga kila mmoja kwa udongo wake. Udongo wa Tembo mbali, udongo wa Pimbi mbali. Kila siku ya saba walikusanyika kwa ibada, wakatandika mikeka, na Mzee Tembo, aliyekuwa chifu wao, akaongoza dua. Kukaa safu ya mbele, ubavuni mwa Tembo, ilikuwa heshima ambayo watu walikuwa tayari kugombea kwa pembe na kwato.

Tembo akamwita Pimbi.

"Mwalimu, nasikia umesema mimi na wewe ni ndugu."

"Ndugu wa mbali, Mzee."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali sana."

"Basi na ubaki huko huko mbali," akasema Tembo, na yeye kwa upande wake akawa amemaliza.

Lakini Pimbi hakumaliza. Kesho yake akawaambia wanafunzi kwamba wanaombishia vichwa vyao vimejaa huo udongo. Hapo alikosea, nawaambia wazi, hata mimi ningechukia. Akaitwa barazani kuomba radhi. Akaomba, lakini huku kakunja uso kama aliyelamba shubiri, na kila mtu akamwona.

Sasa sikilizeni. Baada ya siku mbili, asubuhi, baraza limekaa, mara Pimbi huyo anatokea. Jicho moja limevimba, sikio limechanika, mguu anauburuta, kwaru, kwaru, kwaru.

"Nimepigwa," akasema. "Njia ya mtoni. Wamenivizia kwenye nyasi, wakanivika gunia kichwani, wakanipiga pu, pa, pu, huku wakisema hiyo ndiyo zawadi ya undugu wangu na Tembo."

Baraza zima likasimama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza Tembo.

Pimbi akatoa kifua mbele. "Watano."

Fisi akacheka. "Watano? Na mifupa yako yote bado iko mahali pake?"

Punda Milia akadakia: "Mwalimu, si umesema ulivikwa gunia? Uliwahesabu kwa kutumia nini?"

Pimbi akababaika. Nungunungu akamtazama juu mpaka chini. "Na hilo koti safi? Walikupiga ukiwa nalo?"

"Hapana, nilipita nyumbani kwanza, nikavaa."

"Umepigwa na watu watano, ukapita nyumbani kuvaa koti," akasema Nungunungu, na kicheko kikalipuka kila upande.

Nyati akainuka. Mnamjua Nyati, akiinuka kivuli chake peke yake ni nyumba. "Wazee, huyu kaanguka mwenyewe mwambani. Juzi kaaibishwa hapa, leo anatutia doa watu wa ibada ili ahurumiwe."

"Anatutia doa," akaitikia Ngiri, rafiki yake, aliyekuwa haachi kumfuata nyuma.

Tembo akafikiri sana. Mwisho akasema: "Kesho, jua likifika utosini, tukutane hapa. Mwalimu akithibitisha, waliompiga watanitambua. Akishindwa, amewasingizia wenzake, na atahama mwamba yeye na nyumba yake."

Kicheko kikakatika. Maana kila mtu alijua pimbi akihama mwamba atakaa wapi. Atakaa uwandani, na angani kuna Tai, na Tai chakula chake ni pimbi, anaanza na watoto.

Pimbi akarudi nyumbani. Mkewe akachemsha maji, akaanza kumkanda. Na Bi Pimbi, niwaambie, alikuwa mtu wa ibada hasa, siku ya saba haijawahi kumpita. Habari za babu mmoja na Tembo alikuwa hazitaki hata kuzisikia, na walibishana na mumewe kila siku wakipika.

"Nieleze yote," akamwambia. "Na usinitilie chumvi, nina watoto watatu wa kuwaficha."

"Nilikuwa nampelekea mama yako uji. Ule wa mtama, ulioutia ukwaju. Nimeshika kibuyu, mara gunia hilo kichwani. Wakanipiga nikaanguka. Halafu mmoja akasema lete nionje, nikamsikia anabugia, gudu gudu gudu. Akampa mwenzake, naye gudu gudu. Wakakipasua kibuyu, wakaenda zao."

"Ndiyo kusema walikuwa wangapi?"

Pimbi akaangalia ukuta.

"Mume wangu."

"Wawili."

"Na hao watano uliowapeleka barazani?"

"Mke wangu, kupigwa na wawili ni aibu. Watano angalau mtu anaelewa."

Bi Pimbi akasonya, msonyo mrefu, nadhani hata Tembo aliusikia kule aliko. "Habari za uji umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Mwalimu mzima nabeba kibuyu cha mama mkwe, si wangenicheka?"

"Kwa mara ya kwanza majivuno yako yametufaa. Kesho usifungue mdomo. Hata nikikutukana mbele za watu, usifungue."

Kulipokucha, Bi Pimbi akaenda kwa Tembo. Akapanda juu ya kichuguu, tiki tiki tiki, mpaka akalifikia sikio lake la kushoto, akamnong'oneza kile mumewe alichokuwa amebeba na kilivyokwisha. Kisha akasema: "Na jambo moja zaidi, Mzee. Leo nitasema uongo barazani."

"Unaniomba ruhusa ya kusema uongo?"

"Nakupa taarifa. Niache niumalize, ndipo unihukumu."

Tembo akapiga masikio yake, pwa, pwa. Hakukubali, hakukataa.

Jua likafika utosini. Baraza limejaa, watu wamepanda hadi juu ya vichuguu. Bi Pimbi akaja na mumewe anayechechemea, na kwapani ana mkeka umekunjwa.

"Wazee wangu," akaanza, "nimekuja kumaliza maneno. Mume wangu hakupigwa. Kaanguka mwambani."

Pimbi akafungua mdomo. Mkewe akamkanyaga kidole cha mguu, mdomo ukajifunga.

"Mimi nimeumia kuliko nyinyi," akaendelea. "Maana nyinyi mnajua mimi ni mtu wa ibada. Niliposikia wametokea mashujaa wamemnyamazisha huyu mdomo mrefu, nilifurahi. Nikafungua sanduku, nikatoa mkeka wa harusi yangu."

Akaukunjua. Jamani, mkeka huo! Ukindu mtupu, mwekundu, kijani na zambarau, umesukwa ukasukika. Watu wote wakanyoosha shingo.

"Nikasema, huu atautandika shujaa yule safu ya mbele, ubavuni mwa Mzee Tembo, na kila siku ya saba wanyama wote wamwone. Kumbe hakuna shujaa, hakuna chochote. Basi, naukunja, narudi nao nyumbani."

Akaanza kuukunja, polepole, fyuu, fyuu. Nyati akahema. Akaangalia mkeka, akaangalia safu ya mbele, akakwangua ardhi kwa kwato.

"Ngoja kwanza, Bi Pimbi," akasema.

"Ningoje nini, kaka?"

"Siyo kwamba nasema lolote. Ila kama angekuwepo aliyempiga, mkeka ungekuwa wake moja kwa moja?"

"Wake na wajukuu zake."

"Basi ni mimi," akasema Nyati.

Baraza likaguna. Ngiri akaruka mbele. "Mimi na wewe. Usijisahaulishe, gunia nilileta mimi."

Na kabla mtu hajavuta pumzi, Fisi naye huyo mbio. "Hata mimi nilikuwepo."

"Fisi, jana si ulisema hakupigwa?" akauliza Bi Pimbi.

"Jana palikuwa hakuna mkeka."

Punda Milia akaja na mwendo wa maringo. Nungunungu akaja na miba yake yote. Wote watano wakajibana juu ya mkeka, huyu anamsukuma huyu, Fisi analia miba imemchoma, Nyati anataka katikati. Pimbi akawahesabu kwa jicho lake moja zima.

"Watano," akanong'ona. "Si nilisema?"

Mkewe akamkanyaga tena.

"Mkeka hauwatoshi watano," akasema Bi Pimbi. "Ila ni rahisi. Mume wangu siku ile alikuwa ameshika kitu mkononi. Aliyempiga kweli alikiona. Kila mmoja amnong'oneze Mzee kwenye sikio lake la kulia."

Tembo akainamisha kichwa. Akaanza Fisi, akasema mfupa wenye nyama. Punda Milia akasema tita la majani mabichi. Nungunungu akasema mihogo. Kila mmoja alitaja alichotamani kula, na Tembo akawarudisha nyuma mmoja mmoja.

Nyati akaja. Na Nyati, wanangu, hajui kunong'ona. Alinong'ona baraza zima likasikia:

"Kibuyu cha uji wa mtama. Ulitiwa ukwaju."

Ngiri hakuingoja hata zamu yake. "Sukari haikukolea," akasema.

Ndipo Nyati akaona nyuso za watu, akaanza kurudi nyuma taratibu, kama anayetarajia hakuna atakayemwona. Nyati mzima.

"Kwa hiyo alipigwa," akasema Tembo.

"Mzee," akasema Nyati, "tulikuwa tunamtetea Muumba."

"Muumba aliyekufinyanga wewe na pembe zako na milima ile yote, alikosa njia mpaka akutume wewe na gunia?"

Tembo akatoa hukumu pale pale. Nyati na Ngiri wahame safu ya mbele na safu zote, wakae nyuma kabisa, mchangani, bila mkeka, mpaka mwaka uishe. Na uji wa mama mkwe waubebe wao kila asubuhi mpaka mguu wa mwalimu upone, na wasiuonje. Wale watatu waliojisingizia uovu kwa tamaa ya mkeka akawafukuza barazani wakizomewa.

Kisha akamgeukia Pimbi. "Na wewe, Mwalimu. Walikuwa wangapi?"

Pimbi akamtazama mkewe. Safari hii hakukanyagwa.

"Wawili, Mzee. Watatu niliwaongeza kwa aibu yangu."

"Ungesema wawili jana, usiku wote huu watoto wako wangelala usingizi."

Hilo likamchoma Pimbi kuliko kile kipigo. Machozi yakamtoka, akaomba radhi, na kwa yale maneno ya vichwa kujaa udongo akaomba tena, safari hii bila kukunja uso.

Nyati, kule nyuma alikokwisha kupelekwa, akapayuka: "Kwa hiyo Mzee umekubali huyu ni ndugu yako?"

"Sijakubali," akasema Tembo. "Na siku ya saba nitasimama pale mbele niseme kila mtu na udongo wake."

"Wala mimi sijakubali," akasema Bi Pimbi, huku anaukunja mkeka wake. "Mimi naamini kama Mzee, na huyu tutabishana naye leo leo tukipika. Lakini jicho lililovimba nilikuwa nalikanda mimi, na lilikuwa moto."

Akautia mkeka kwapani, akamshika mumewe mkono, wakaanza kupanda mwamba, watoto watatu wakiwakimbilia kutoka juu.

Basi nanyi shikeni hili moja: anayekuja kwako anasema amepigwa, muulize ilikuwaje, na anachoamini kiache kwa siku nyingine.