Uji wa Sumu na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwisho nitahitaji kura yake.

Hatibu alijaliwa mapenzi ya kufa mtu, ila hakujaliwa kuuliza. Dada yake Asumini alijaliwa kukesha. Shangazi yao, Bi Zawena, alijaliwa kusema uongo bila kupepesa macho, na jirani yao Salha kusema kweli hata inapomuuma mwenyewe. Mize, mchumba wa Hatibu kutoka ng'ambo ya mto, alijaliwa akili za kawaida tu, nazo zilimchosha vya kutosha.

Siku moja Hatibu alivuka mto kwenda kumwona Mize. Akakuta uani kumejaa watu, ndani wanawake wanalia, na nyuma ya mashamba kuna kaburi bichi. Mtu mwingine angeuliza nani amefariki. Hatibu alijitupa juu ya udongo, akaapa hatatia chakula kinywani mpaka amfuate mpenzi wake, akatuma salamu za kuagana nyumbani kwao.

Aliyezikwa ni bibi yake Mize, mwenye miaka tisini. Wajomba wa Mize walipomwona Hatibu pale wakamsifu: kijana gani huyu, anamlilia hivi bibi wa mchumba wake?

Asumini alifika wa kwanza. Siku nne alikaa ubavuni mwa kaka yake, mwenge mkononi, akifukuza fisi. Mmoja alimrarulia kanga, naye hakuondoka.

Bi Zawena akaja na chungu. "Mwanangu, kufa kwa njaa kutakuchukua wiki mbili, na mimi nina shamba la kupalilia. Kunywa sumu hii."

Ulikuwa uji wa mtama, ameutia ndimu na pilipili manga. Hatibu akaunywa kwa shukrani, asubuhi na jioni. Siku ya tatu akanong'ona, "Shangazi, mbona sumu yako inanipa nguvu?"

"Sumu nzuri huanza hivyo. Malizia."

Salha alifika wa mwisho, na katika wote ni yeye tu aliyepita kwanza kwa wafiwa kutoa pole. Alimpenda Hatibu tangu utotoni, na hakuna asiyejua. Akamkuta Mize, marehemu wa Hatibu, amekaa mkekani anachambua mchele. Mpaka leo Mize hajausahau uso wa Salha wa siku ile. Salha angeweza kunywa kahawa yake, akarudi kwao kimya, akasubiri Hatibu achoke kulia.

"Nimekuja kukupa pole ya kifo chako," alisema. "Mwenzio yuko kaburini kwako. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Mize alikwenda na pumba mikononi. "Hatibu, bibi hakukupenda hata kidogo. Inuka, unamsumbua."

Wakaoana, na ndoa ni njema. Mume mwaminifu Hatibu, ingawa Mize akichelewa sokoni humtuma mtu akamwambie kwamba yu hai.

Sasa wana binti wa siku thelathini na tisa. Kesho atatolewa nje na kupewa jina, na mwenye jina hilo ndiye atakuwa somo wake: atambeba mbele ya watu, na siku ya harusi yake atakaa pembeni yake. Mkunga amesema mtoto huyu hatapata mdogo.

"Bila mimi fisi wangebakiza makubazi tu," anasema Asumini.

"Bila mimi fisi wangeguguna mifupa mitupu," anajibu Bi Zawena.

"Mimi naapa kwamba..." anaanza Hatibu.

"Wewe usiape," anamkata Mize.

Salha hajaomba kitu. Alileta kanga ya kumbebea mtoto, akaiacha mlangoni, akaenda zake. Hilo ndilo linalomsumbua Mize. Akichagua jina la Salha, kila siku atakuwa akimwita, ndani ya nyumba yake, mwanamke aliyempenda mume wake. Asipolichagua, atakuwa amesahau kwamba mwanamke huyo angeweza kunyamaza.

Mtoto anapiga mwayo mapajani mwake, hana haraka. Kesho atoke mlangoni akiitwa Asumini, Zawena au Salha? Ungekuwa Mize, ungeamua vipi? Na wewe uliyesinzia, amka useme.