Kangaga la Nyuma ya Bafu

Wapendwa, nani hapa ana ua ndani ya nyumba yake? Nyosheni mikono, msione haya. Haya, naona mikono ya akina mama, na mkono mmoja wa baba kule nyuma ambaye nadhani anamnyoshea mkewe. Basi mfano wa leo ni wenu. Nimeamka nao tangu alfajiri, nimemchosha mke wangu kwa kumsimulia huku anakoroga uji, mpaka akaniambia, "Baba, peleka hayo kanisani." Ndiyo hayo nimeyaleta.

Palikuwa na mama mmoja, mama wa usafi. Mnamjua mama wa usafi? Ukifika kwake unavua viatu ukiwa bado barabarani. Ukikalishwa kwenye kochi unakaa ukingoni, unaogopa kuegemea kitambaa. Tumwite Mama Kaanaeli, na kama humu ndani yumo mwenye jina hilo, anisamehe, simsemi yeye. Mama huyu alikuwa na moyo mzuri kabisa. Ila vumbi likitua mezani kwake, halimalizi dakika.

Mama yake mzazi alikuwa na kangaga. Vijana, kangaga mnaliona kila siku na jina hamlijui. Ni ule mmea wa kando ya mito, hauna ua, hauna tunda, majani yake marefu yamechanika pande zote mbili kama kitana. Jani jipya huzaliwa limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, kisha linajikunjua polepole mpaka linanyooka. Sasa niwaulize. Mmea usio na ua wala tunda, mbegu zake ziko wapi? Hamjui? Lishikeni hilo swali, msilidondoshe. Tutalihitaji.

Yule bibi alipoona siku zake zinakwisha, alimwita binti yake mkubwa kitandani.

"Mwanangu," akamwambia, "hili kangaga mama yangu alilitoa mtoni akanipa siku naolewa. Sina shamba la kuwagawia, sina ng'ombe. Nina hili. Likae kwako, maana wewe ni mkubwa na ni mwangalifu. Siku mtakayokutana kaburini kwangu kumshukuru Mungu, wakatie wadogo zako kila mmoja kipande cha shina lake. Asiondoke mtu mikono mitupu."

"Nitalitunzaje, mama?"

"Lipe kivuli. Lipe maji kidogo kidogo, udongo usikauke wala usigeuke tope. Na usilishikeshike."

Yule bibi akaenda zake kwa Bwana. Mama Kaanaeli akalibeba lile kangaga kifuani kutoka kwa mama yake hadi kwake, hakukubali mtu ampokee.

Na alilitunza, jamani! Alilitoa kwenye debe lenye kutu akalipandikiza kwenye chungu kizuri cha udongo chenye tundu chini. Akachanganya udongo na majani yaliyooza. Akazunguka nalo sebuleni akitafuta mahali. Dirisha la magharibi? Hapana, jua la alasiri litalichoma. Kando ya mlango? Hapana, upepo. Akaliweka karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, na kila asubuhi akalinyunyizia maji kwa vidole. Siku alipoona ngumi ya kwanza inachomoza katikati ya shina, alipiga vigelegele peke yake sebuleni. Mume wake alitoka chumbani mbio na taulo, akidhani kuna mtu amejifungua.

Kangaga likastawi. Majani yakamwagika pande zote mpaka yakafunika chungu. Wageni wakiingia, kabla ya "karibu" wanasema, "Oo, kangaga!" Na Mama Kaanaeli anajibu, "La mama yangu hilo," na uso wake wote unang'aa. Alikuwa na haki ya kung'aa. Alipewa kazi, na kazi ilikuwa inaonekana.

Sasa siku moja akaja jirani yake. Si mtu mbaya. Tatizo la dunia hii mara nyingi wala si watu wabaya, ni mtu mwema mwenye jicho la kukagua. Jirani akanywa chai, akasifu maandazi, akasogea kwenye kangaga. Akashika jani moja, akaligeuza. Akageuza la pili.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "umeliona hili?"

Mama Kaanaeli akainama. Chini ya jani, kila upande wa ule mshipa wa katikati, palikuwa na vidoto vya kahawia, vimejipanga kama vifungo vya shati. Akageuza jani lingine. Vipo. Lingine. Vipo!

"Ugonjwa huo," jirani akasema. "Ni kama kutu. Na upo sebuleni unapokalisha wageni!"

"Nifanyeje?"

"Safisha. Na jani likizidi madoa, kata. Jongoo hutupwa na mti wake."

Wapendwa, mnajua mtu wa usafi akiambiwa ana doa anakuwaje? Mama Kaanaeli alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu. Jirani hakufika hata getini, mama ameshachukua bakuli la maji na mswaki mkuukuu. Akageuza jani moja moja na kusugua. Vile vidoto vikatoka kama unga wa kahawia, vikazama kwenye maji. Akafurahi! Akayachukua yale maji machafu akasimama konani asikanyage tope, akayarusha bila kuchungulia nyuma kabisa ya nyumba, pale bafu la nje linapomwaga maji kwenye mawe, mahali penye kivuli na ukungu ambapo hapeleki mgeni. Majani yenye madoa mengi akayakata, akayatupa kulekule.

Madoa yakarudi. Akasugua. Yakarudi. Akakata. Tena yalirudi kwenye yale majani makubwa, yaliyokomaa, yale yaliyokuwa yanalilisha shina. Machanga hayakuwa na doa hata moja, basi akayaacha machanga na kuyaondoa makubwa. Masika ikapita, na masika nyingine. Kangaga lililokuwa linafunika chungu likabaki na vijani vichache vya rangi ya chai ya maziwa. Ngumi zikaacha kuchomoza. Yeye anasali, anasugua. Anasali, anasugua. Alilishikashika, au hakulishikashika? Bibi alisema nini?

Ndipo wadogo zake wakapiga simu. "Dada, tumepanga. Tunakuja kumshukuria mama. Tayarisha vile vipande vyetu!" Na yule wa mwisho, Nsia, akaongeza kwa furaha, "Mimi changu nimeshakinunulia chungu!"

Mama Kaanaeli akakata simu, akakaa sakafuni. Maana siku hiyohiyo alikuwa amegusa lile shina, likakatika mkononi mwake, kavu, jepesi, limekufa.

Wakaja. Wakaenda kaburini, wakaimba, wakamshukuru Mungu. Wakarudi wakala wali na ndizi. Na kila mmoja, jicho lake linakimbilia dirishani, pale nyuma ya pazia, pale ambapo palikuwa na chungu kitupu kilichooshwa kikang'aa. Mwishowe Mama Kaanaeli akasimama na mikono yake haijui ikae wapi.

"Wadogo zangu, sina cha kuwapa. Kangaga la mama limekufa. Lilipata ugonjwa. Nililisafisha kwa nguvu zangu zote."

Nsia, aliyekuja na chungu chake kipya ndani ya mfuko, alianza kulia.

"Dada, mama alikupa wewe kwa sababu sisi tungelisahau. Wewe unasahau kitu gani, dada?"

"Sikulisahau, Nsia. Hata siku moja sikulisahau."

Na hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma zaidi. Nsia akainuka akatoka nje kwenda kunawa uso. Hakutaka watu wamwone, akazunguka nyuma ya nyumba, kule kwenye bafu la nje.

Mara wakasikia ukelele. "Dada! Dada, njoo! Njooni wote!"

Nyoka, Mama Kaanaeli akawaza. Nyoka amemgonga mtoto wa mama yangu, na leo! Akatoka mbio na viatu vyake vya kanisani, vile vyeupe, akapita kwenye matope ambayo hajawahi kuyakanyaga. Wenzake nyuma yake. Wakapinda kona ya bafu, na wote wakasimama.

Ukuta ule wa mawe ulikuwa kijani. Kijani tupu, jamani! Katikati ya kila jiwe na jiwe, pale maji ya kuogea yanapotiririka, yalikuwa yamechomoza makangaga. Mengine madogo kama ukucha, mengine yamefika gotini, na kila moja lina ngumi zake ndogo zinajikunjua. Hakuna aliyeyapanda. Hakuna aliyeyanyunyizia kwa vidole. Nsia amepiga magoti kwenye tope, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mbona ulisema limekufa?"

Mama Kaanaeli alikuwa amelishika jani moja kubwa, akaligeuza. Chini yake, kila upande wa mshipa, vidoto vya kahawia. Vimejipanga kama vifungo vya shati.

Akatazama mawe. Akakumbuka bakuli. Akakumbuka mswaki, na majani aliyoyatupa hapahapa, na maji machafu aliyoyamwaga hapahapa. Na akaelewa. Ule haukuwa ugonjwa. Zile ndizo zilikuwa mbegu! Kangaga halina ua wala tunda, watoto wake wote huwabeba chini ya jani, mahali ambapo hatutazami mpaka tukiwa tunatafuta kosa. Alichokiona ni doa kilikuwa ni uzao wa mama yake. Na kila alipokuwa analisafisha, alikuwa analinyang'anya watoto na kuwatupa nyuma ya bafu, na huko nyuma ya bafu Mungu akawapokea.

"Leteni vijiko," akasema. "Leteni makopo, leteni masufuria, chochote! Asiondoke mtu mikono mitupu!"

Wakachimba wakicheka, nguo nzuri zimeloa hadi magotini. Kila mmoja akapata, akapata na wa kumpa jirani. Ndiyo, hata yule jirani. Na la kwake, Mama Kaanaeli alilirudisha dirishani lina madoa yake yote. Mgeni akiyageuza majani na kukunja uso, yeye anamwambia, "Yaache hayo. Ndiyo watoto."

Sasa mnatabasamu. Naona mmefurahi, na mimi nimefurahi. Lakini mfano haujaisha, maana bado sijafika kwetu.

Sisi tulikuwa na kwaya ya vijana humu ndani. Mnaikumbuka? Walikaa pale, upande ule ambao leo tumepanga viti vya wageni. Walikuwa wanapiga ngoma, wanaruka, wengine mashati nje, nywele zao wanazijua wenyewe. Kisha akaja mgeni, mtu mwema kabisa, akanywa chai yetu, akakunja uso kidogo. Kidogo tu! Nasi tukaona aibu. Hatukuwauliza hawa watoto wanaimba nini. Tukawaambia, "Nendeni mkafanyie hayo kule nyuma, kwenye jiko la kanisa, mpaka mtakapokuwa na heshima." Tukafunga mlango wa nyuma ili kelele zao zisitufikie. Tukapangusa, tukang'arisha, na leo tuna kanisa safi.

Tazameni pembeni yenu. Tazameni, msiogope. Kijana yuko wapi? Ngumi mpya inachomoza wapi humu ndani? Tuna chungu kimeoshwa kinang'aa, wapendwa. Na tunasali, na tunasugua.

Nani kati yetu amewahi kupita kule jikoni Jumapili wakati sisi tunaimba hapa? Mimi nilipita juzi, nilikuwa natafuta ufagio. Nilisimama nikashindwa kuondoka. Wapo watoto ambao sijawabatiza mimi. Wapo ambao baba zao hawajawahi kukanyaga mlango huu. Wameketi kwenye magunia ya mkaa, wamejaa hadi nje chini ya mabati, wanaimba jina lilelile tunaloliimba sisi.

Mzee wa kanisa, nakuomba, ule mlango wa nyuma. Ndiyo, huo. Toa komeo. Sukuma, umekaza kwa kutofunguliwa.

Nyamazeni. Mnasikia?

Hiyo ndiyo tuliyoiita kutu.

Sitatoa baraka ya mwisho nikiwa nimesimama hapa. Nitaitolea kule jikoni, na hatuendi kuwasafisha, tunakwenda kuwaomba warudi na ngoma zao. Mvua ilinyesha jana na kule nyuma kuna tope. Msivue viatu. Twendeni navyo hivyohivyo.