Siku Nakaji Alipoufukuza Moshi

Sogeeni, nyie mnaonung'unika kwamba majembe yenu yameingia kutu kwa mvua moja tu. Hiyo kutu tuliitaka wenyewe, na mimi sioni haya kusema hivyo.

Zamani hizo, hapa kwetu milimani Upare, kila kilichobadilika kilirudi chenyewe. Kuni zilizochomwa jioni zilikuwa kuni tena alfajiri, kwa sababu moshi ulizunguka juu ya paa kisha ukarudi kwenye jivu lake. Chungu kilichovunjika kilijiunga. Mtasema hiyo ni raha. Raha gani? Wahunzi walikusanya mchanga mweusi wa mtoni, wakautia tanuruni, wakapata chuma. Kisha, kama desturi ilivyotaka, waliziba tanuru kwa udongo ili moshi usipotee njia. Kulipokucha moshi umerudi, makaa yamerudi, na chuma kimekuwa mchanga vilevile. Kwa hiyo watu walilima kwa vijiti.

Nakaji, mama yake Senzota, alikuwa na watoto watano na shamba la mawe. Kijiti chake kilivunjika kila siku na kujiunga kila usiku, na watoto wakalala njaa. Mwaka ule kitindamimba wake aliacha hata kulia. Hapo Nakaji akasema basi: moshi usiporudi, chuma kitabaki chuma.

Alitwaa mchi, akapanda ukuta wa tanuru lililokuwa likiwaka, akavunja kile kifuniko cha udongo. Moshi ukatoka. Akashuka, akashika mivukuto ya kupulizia moto, akavukuta mpaka moshi ukavuka mlima na upepo ukautawanya, na joto likaenda nao.

Mzee Kiure, mkuu wa wahunzi, alikuja mbio.

"Mama Senzota, umetuua! Moshi uliotawanyika nani ataukusanya? Kuni hazitarudi!"

"Nitachanja nyingine, baba."

"Na chungu kikivunjika?"

"Nitafinyanga kingine."

"Hicho chuma je? Hewa itakitafuna kidogo kidogo, mpaka kiwe udongo."

"Kikiwa udongo nitawasha tanuru. Lakini kesho nalima."

Kulipokucha chuma kilikuwa bado chuma. Kiure mwenyewe ndiye aliyemfulia jembe, huku akinuna, na jioni ile nusu ya shamba ilikuwa imelimwa.

Na tangu siku hiyo moshi haurudi, chungu hakijiungi, na kutu huja bila kuitwa. Chuma nacho hakiji mpaka kiitwe kwa kuni, kwa jasho, na kwa tanuru lililoachwa wazi juu ili joto na moshi viende zake. Ndiyo maana mwanamke wa ukoo wetu akikuta jembe lake limeingia kutu, halii. Huikwangua kwa kidole, huitupa ndani ya tanuru, na kuiambia maneno aliyoyasema Nakaji uzeeni, mgongo umepinda, shamba lake la mawe limejaa mtama:

"Kula tu. Nitawasha tena."