Grisi Juu ya Ukoga

Ugonjwa ukifunikwa hauponi. Hukua gizani mpaka siku utakapojitangaza wenyewe. Mkunga mmoja alilijua hilo kwa wagonjwa wake. Asubuhi moja akalikuta chini ya boneti.

Alikuwa ameitwa haraka. Mama mmoja ng'ambo ya mto alishikwa na uchungu wa pacha, na kwa miguu ni mwendo wa saa mbili. Mkunga alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja mdogo, likanyamaza.

Mumewe alitoka na kikombe cha chai. Jina lake la utani lilikuwa Tayari, kwani kila kazi uliyomuulizia ilikuwa tayari.

"Labda ni baridi, mke wangu."

"Betri uliisafisha Jumamosi?"

"Tayari, kitambo."

Mkunga alifunua boneti. Betri iling'aa kwa grisi, imepakwa kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Alipoifuta kwa kitambaa, ukatokea ukoga mweupe wenye ukijani, umevimba kuzunguka vichwa vyote viwili.

"Grisi juu ya uchafu, mume wangu?"

Tayari aliitazama chai yake. "Spana ilinipotea. Nikaona haya kusema."

Hasira zilimpanda mkunga, lakini hasira hazizalishi mtu. Aliazima spana kwa jirani, akavaa glovu, akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Alikoroga magadi katika maji ya vuguvugu, akasugua kwa mswaki mkuukuu, meno ameyauma, mpaka povu likakoma. Akasuuza, akakausha. Litawaka tu, alijiambia.

Aliposhika waya kuurudisha, Tayari alikohoa.

"Ngoja kwanza. Na maji ya betri sijayaangalia miezi mitatu. Nilikudanganya."

Mkunga alimkodolea macho. Miaka ishirini ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza mumewe kukiri kabla ya kukamatwa. Walifungua vifuniko, vyumba viwili vilikaribia kukauka. Wakaongeza maji ya betri, wakafunga chanya, wakafunga hasi, na grisi ikaja mwisho.

Gari likaguruma. Mkunga aliwahi, pacha wote wawili walilia mikononi mwake.

Jioni alimkuta Tayari akimsubiri mlangoni, spana mpya mkononi.

"Hata paa la jiko nililokuambia tayari, sijaliziba," alisema.

Mkunga alicheka hadi akaketi kizingitini. Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.