Khatibu Aliyelikana Jina la Shahanshah

Wamepokea waliopokea, nami nimepokea kwao, na bahati yenu nzuri mmempata anayejua kusimulia: katika nchi ya Uajemi, katika mji uitwao Sarwabadi, aliishi khatibu mcha Mungu, Sheikh Mahyari bin Zadani, Mola amrehemu. Alikuwa mzee aliyechoka. Sisemi alichoka kama unavyochoka wewe ukitumwa dukani. Alichoka mifupa, akachoka sauti, akachoka hata kusifiwa. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi alikuwa akipanda mimbari ya msikiti mkuu kila Ijumaa, na kila ngazi ya mimbari ile aliijua kwa maumivu yake.

Kilichomchosha zaidi ni majina. Desturi ya zama zile ilikuwa khatibu amwombee mtawala kwa jina katika hotuba ya pili. Mtawala asiyetajwa, huyo si mtawala. Na khatibu asiyemtaja, huyo ni muasi. Sheikh alipoanza kazi, amiri wa mji alitajwa kwa jina lake na la baba yake, watu wakaitikia amin, basi. Akaja wa pili akataka aitwe Nguzo ya Dola. Wa tatu akauliza mbona yeye awe nguzo tupu, akawa Nguzo ya Dola na Taji la Umma. Wa nne akaongeza Upanga wa Dini, ingawa upanga wenyewe ulikuwa unaota kutu ukutani. Ikafika mahali dua ya mtawala ikawa ndefu kuliko mawaidha, na wazee wa safu ya mbele wakawa wanasinzia mahali fulani kati ya Taji na Upanga.

Ndipo akatawala Amiri Gudarzi. Naye alikuwa na binamu yake katika mji wa jirani, na binamu akajitwalia majina hayo hayo yote, neno kwa neno. Sasa Gudarzi abakiwe na lipi la kumpita? Likabaki moja tu: Shahanshah.

Neno hilo msilipite kama mnapita kichochoroni. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa hiyo nitalieleza kwa lugha ya watu. Shah ni mfalme. Shahanshah ni shah wa mashah, mfalme wa wafalme. Wafalme wa kale wa Uajemi, karne nyingi kabla ya Uislamu, walilichonga majabalini. Nao walikuwa na maana yao. Aliyeshinda nchi za watu hakuwang'oa wafalme wadogo wote. Wengine aliwaachia viti vyao, mradi wainamishe kichwa na walete kodi. Basi yule wa juu alikuwa kweli na wafalme chini yake. Jina lile lilieleza hali ya mambo kabla halijawa kiburi. Kisha ukaja Uislamu, na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, akatuonya kwamba hakuna jina la fedheha zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko mja kuitwa mfalme wa wafalme. Waja wema wakaliogopa. Watawala nao wakaliacha kwa muda, halafu wakalikumbuka tena, kama mtu anavyokumbuka tumbaku aliyoapa kuiacha.

Na Amiri Gudarzi alikuwa na wafalme wangapi chini yake? Hata mmoja. Alikuwa na mji mmoja, mto mmoja unaokauka kiangazi, na mashemeji wasiomsikiliza.

Siku moja waziri wake, Bahmani, akafika nyumbani kwa Sheikh. Nyumba yenyewe ilikuwa ya wakfu, nyuma ya msikiti, katika mtaa wa watengeneza ngozi. Anayejua ngozi zinavyotengenezwa anajua harufu yake, na moshi, na vumbi la chokaa. Bibi Gulnari, mke wa Sheikh, alikuwa na kifua. Kwa miaka mtaa ule ulikuwa ukimla pumzi kidogo kidogo.

"Ya Sheikh," akasema waziri baada ya salamu, "Amiri anataka neno moja tu. Ijumaa hii, ndani ya dua. Ukishalisema, umepumzika. Kuna nyumba mlimani, uani kijito kinapita. Bibi atapumua huko."

"Na nisipolisema?"

"Mtabaki hapa hapa kwenye ngozi, Sheikh wangu. Wala sidhani kama ni wewe utakayetangulia kutoka."

Sheikh alikuwa na hoja. Alikuwa na elimu ya kujaza vichwa saba vya mawaziri. Lakini uchovu nao una nguvu zake: alifungua kinywa atoe hoja, ikatoka pumzi tu, na baada ya pumzi likatoka, "Insha Allah."

Waziri akaondoka amefurahi. Na ninyi, msimcheke. Insha Allah zetu mnazijua.

Bibi Gulnari alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote.

"Mwenzangu," akasema, "hiyo insha Allah ni ile ya ndiyo, au ile ya kumwondoa mgeni?"

"Sijui, Bibi. Nimechoka hata kujua."

"Basi liseme tukapumzike. Neno moja! Mbona ulishasema juu ya mimbari ile ile kwamba Amiri Firuzi wa zamani zile ni simba wa vita, na mji mzima ulijua anaogopa mabata?"

Sheikh akacheka, naye akacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Kicheko kikaisha, kikohozi kisiishe. Sheikh akamshika mabega mpaka kilipopita.

"Sikulazimishi," akasema Bibi alipopata pumzi. "Lakini vitu vyetu nitavifunga."

Ikawadia Ijumaa. Sheikh Mahyari, Mola amrehemu, akapanda mimbari na fimbo yake, hajui bado atasema nini.

Sasa jueni jambo moja la msikiti ule. Ulikuwa mkubwa, nguzo kama msitu, na sauti ya mzee ilikuwa haifiki hata katikati. Kwa hiyo walisimamishwa wapaza sauti penye nguzo: khatibu akisema, wa kwanza analidaka neno, anampigia wa pili, wa pili anamrushia wa tatu kule uani. Watu wenye vifua, hao. Lakini dua ya mtawala walikuwa wameihifadhi, na kwa kuwa Sheikh alikuwa akienda polepole, walikwisha zoea kupaza wanachokitegemea badala ya wanachokisikia. Na waziri alikuwa ameshapita kwao Alhamisi akawafundisha neno jipya.

Hotuba ya kwanza ikaisha. Sheikh akaketi, akainuka, akaingia katika dua. "Ewe Mola, tunamwombea mja wako na mwana wa mja wako, Gudarzi, Nguzo ya Dola, Taji la Umma, Upanga wa Dini..." Hapo akasimama avute pumzi, kama alivyosimama kila Ijumaa.

"Shahanshah!" akapaza wa kwanza.

"Shahanshah!" akadaka wa pili.

"Shahanshah!" likasikika uani, na ile amin ya chini chini ya kila Ijumaa ikapita juu ya vichwa vya watu kama upepo juu ya ngano. Nyuma ya kizuizi cha mbao chenye matundu, mahali pake pa kusalia, Amiri akatabasamu. Waziri akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Na kinywa cha Sheikh kilikuwa bado wazi. Hakuwa amelisema.

Tazameni mtego ulivyokuwa mtamu! Ulimi wake safi. Angeweza kuapa mbele ya kadhi kwamba neno lile halikumtoka, na angekuwa mkweli. Amiri ameridhika, watu wamesikia, nyumba ya mlimani imeshapatikana. Kazi iliyobaki ni kuendelea na dua tu, kana kwamba hakuna kitu. Wewe ungefanyaje? Usinijibu, ninakujua.

Sheikh akayafikiria mabunda ya nguo yaliyofungwa pale nyumbani. Akakifikiria kile kifua cha mkewe. Akaiegemea fimbo mpaka ikalia. Ukimya ukarefuka hata waliosinzia wakaamka.

"Sikulisema hilo," akasema.

Na wapaza sauti, kwa mazoea yao, wakalidaka. "Sikulisema hilo!" wa kwanza. "Sikulisema hilo!" wa pili. Likaenda mpaka uani.

"Enyi watu, neno hilo halikutoka kwangu. Mfalme wa wafalme ni mmoja, naye ndiye tunayemwomba."

Waziri akawapungia mikono wanyamaze, lakini mpaka wanamwona, maneno yalikwisha fika mtaa wa ngozi. Kisha Sheikh akainua viganja vyake, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye: "Ewe Mola, huyu Gudarzi ni mja wako. Majina yake ni mazito naye amechoka. Mpe usingizi." Amin iliyoitika hapo, wanasema, haikuwa ya chini chini.

Baada ya sala akaletwa mbele ya Amiri. Watu walidhani atakatwa ulimi.

"Ungenyamaza tu," akasema Amiri. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. "Ulikwisha shinda, mzee. Neno limesemwa, wala si na wewe. Kwa nini hukunyamaza?"

"Amiri wangu, ningenyamaza ningekuwa nimekudanganya wewe, na kwa Mola wangu nimekwenda na hila. Makosa mawili kwa mzee mmoja. Mimi hata moja silimudu tena kubeba."

"Ulinionea haya kunikatalia usoni, ukaja kunifedhehesha mbele ya mji?"

"Nilichoka, nikasema insha Allah. Hilo ni kosa langu, na adhabu yake naistahili. Lakini nilipokuwa juu pale nilikuwa nimeibeba shida yako, naipeleka kwa Mfalme wa wafalme. Nikikuita wewe kwa jina Lake, hiyo shida yako niipeleke wapi?"

Amiri akainamia mbele. Halafu akauliza polepole, "Nani amekuambia silali?"

"Hakuna. Mimi nakutazama kila Ijumaa, Amiri. Wengine wanatazama kilemba."

Inasemwa Amiri aliinamisha uso. Mwishowe akasema, "Mimbari usiipande tena. Na nyumba ya mlimani huipati. Nenda."

Sheikh akarudi nyumbani taratibu. Akakuta mabunda yamepangwa mlangoni, na Bibi Gulnari amekaa juu ya moja, amevaa viatu vya safari.

"Nimesikia," akasema Bibi. "Wapaza sauti wako wana vifua, Mungu awabariki. Nimesikia yote mpaka jikoni."

"Nisamehe, Gulnari."

Bibi akainama. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaanza kufungua fundo la bunda la kwanza. Vidole vyake vilikuwa vizito. "Sijakasirika," akasema. "Nimechoka tu. Nisaidie hili fundo, nililikaza kwa furaha."

Wakafungua mafundo yote, wawili hao.

Ijumaa iliyofuata Sheikh aliketi chini pamoja na watu wengine, jirani na viatu. Khatibu mpya akafika penye dua, na msikiti mzima ukazuia pumzi. Akasema, "Ewe Mola, mrehemu mja wako Gudarzi, mwana wa Ardawani." Akaishia hapo. Wapaza sauti wakabaki wamefungua vinywa, hawana cha kurusha. Baadaye ikajulikana ni Amiri mwenyewe aliyeagiza hivyo, wala hakueleza sababu.

Haukupita muda, nyumbu wawili wakasimama mtaa wa ngozi, na mtumishi wa Amiri akabisha hodi.

"Amiri anakusalimu, Sheikh. Anasema neno lake ni lile lile, nyumba huipati. Lakini yeye mwenyewe amehamia mlimani, na usingizi umemkataa hata huko. Kuna chumba kimoja kando ya chake. Anaomba mkae naye, umsomee."

Sheikh akamtazama mkewe. Bibi Gulnari akashusha pumzi.

"Nilitaka kupumzika," akasema, "nimepewa mgonjwa wa kuuguza. Haya, nipe viatu vyangu."

Walifika mlimani jua likiwa bado juu. Amiri alikuwa amejilaza kwenye mkeka uani, hana kilemba, macho mekundu. Hakuinuka, akaonyesha tu mahali pa Sheikh kuketi. Sheikh akaanza kumsomea zile sifa za Mola Hai, Msimamizi wa kila kitu, ambaye kusinzia hakumgusi wala usingizi haumchukui. Akasoma, akarudia. Alipofika mara nyingine pale penye usingizi, akasikia mtu anakoroma. Gudarzi aliyetaka kuwa Shahanshah alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na inzi anatembea juu ya paji lake la uso. Sheikh akaendelea kidogo kwa adabu, halafu kidevu chake nacho kikaangukia kifuani. Akabaki macho Bibi Gulnari peke yake, anamfukuza inzi, anavuta hewa ya mlimani.

Enyi ndugu zangu mnaopenda kuitwa Mheshimiwa na Mkubwa na Bosi wa Mabosi, nami wa mtaani wananiita mengi wala sikatai: jina lile lina mwenyewe. Mfalme wa wafalme ni yule ambaye halali. Sisi wengine, tuliochoka hivi, tumwachie Yeye kukesha, na jua likizama tuseme kweli tukalale. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Mahyari na mkewe, amsamehe Gudarzi, na asitusahau sisi. Amin.